Mgongo wa Uzio

Simu ya Rosalyn ilimkuta Cephas Chisolm akimenya kamba wa kutia kwenye supu ya bamia. Akajifuta vidole kwenye suruali, akaipokea.

"Shikamoo, mjomba. Nina kazi yako."

"Marahaba. Kazi ninazo tele, labda unitafutie mkono wa tatu."

"Hii ni ya nyumbani kwa Mama. Nataka uzio wa mbao uwanja wa nyuma, kutoka barabarani mpaka kule kwenye majani ya kinamasi. Futi sita kwenda juu. Mbao zibanane, mtu asione kitu."

Cephas alimwacha kamba aliyekuwa mkononi. Uwanja wa nyuma wa mama yake Rosalyn ulipakana na uwanja mmoja tu, na uwanja huo ulikuwa wake yeye.

"Upande wangu?" akauliza.

"Ndiyo, mjomba. Mama anahitaji faragha yake. Pale anaishi kama yuko kwenye kioo cha duka, anaonekana mpaka akianika nguo za ndani. Sasa yuko kwangu hapa Charlotte mpaka goti lipone, kama wiki tano. Nataka akirudi aukute tayari."

"Yeye ndiye…" Cephas alianza, kisha akayameza yaliyobaki. "Sawa. Nitaujenga."

Hapo ndipo alipokosea, na watu wa kisiwa cha Tabby Point tunamlaumu mpaka leo. Swali lilikuwa moja tu, tena fupi: mama yako amesema hivyo kwa kinywa chake? Lakini ulikuwa unamwambia nani? Kwetu kisiwani kila mtoto ana majina mawili, la cheti na la kapu, yaani lile analopachikwa angali analazwa kapuni. Jina la kapu la Cephas ni Kuta. Si kuta za nyumba, ingawa kwa kazi aliyoishi akiifanya hata hizo zingemkaa. Kwetu kuta ni kobe. Bibi yake alimpa jina hilo kwa sababu hata akiwa mchanga, ukimkemea aliingiza shingo mabegani akanyamaza, na humpati tena mpaka apende mwenyewe. Alikua hivyo na akazeeka hivyo. Siku ile ya simu aliingiza shingo, akarudi kwa kamba wake.

Alikuwa na miaka sitini na minane, na arobaini katika hiyo aliimalizia kwenye kazi ya uzio. Si wa kwetu sisi. Sisi wenyeji hatukuwa na uzio. Njia zilikatiza uwanjani mwa watu, ukipita unasalimia na ukikuta karanga zinachemka unaonja. Uzio ulikuja na wageni walionunua upande wa pwani, wale ambao hawajamaliza kushusha mizigo wanataka wasionekane. Cephas aliwajengea wote, akawapa alichotaka kila mmoja, kisha jioni akarudi kwenye uwanja wake ulio wazi, akashukuru Mungu.

Jirani yake, huyo mama yake Rosalyn, ni Albertha Frasier, mkubwa wake kwa miaka mitatu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita mashua kutoka ng'ambo ya mto. Walicheza pamoja utotoni, wakaoa na kuolewa mwaka mmoja, wakajenga nyumba zikitazamana migongo. Lonnie, mume wa Albertha, alikufa kwanza. Odessa, mke wa Cephas, akafuata baada ya miaka miwili. Nyumba mbili zikabaki na mtu mmoja mmoja, ndipo wawili hao wakawekeana ahadi. Hawakuiandika wala hawakuitangaza kanisani. Albertha akiamka anaanika kitambaa chake cha buluu cha kufutia vyombo kwenye kamba ya nguo. Cephas akikiona anapandisha pazia la dirisha la jikoni. Kitambaa maana yake nimeamka, pazia maana yake na mimi pia. Ikifika saa mbili asubuhi na kimojawapo hakionekani, mwingine aje avunje mlango.

Baada ya pazia kupanda, Albertha husimama pale kwenye kamba, mkono kiunoni.

"Kuta! Umekufa?"

"Bado."

"Basi toa hicho kichwa nje nikione."

Naye hutoa kichwa dirishani kama anavyoamriwa, Albertha akacheka, akaingia ndani. Siku nyingi hayo ndiyo maneno pekee aliyoambiwa Cephas na binadamu tangu kuche mpaka kuchwe. Odessa alikuwa na miaka minne kaburini. Watoto hawakujaliwa. Wateja wake siku hizi walimtumia ujumbe wa simu, wakamlipa kwa simu, na wengine hakupata kuwaona sura.

Kwa hiyo Rosalyn hakuomba uzio tu. Alimwomba Cephas azibe kwa mikono yake mwenyewe dirisha pekee ambalo mtu mwingine duniani alilitazama ili ajue kama yeye yu hai. Na kibaya zaidi, Cephas aliamini ombi limetoka kwa Albertha. Alikaa barazani jioni ile akiwaza amemkosea nini. Labda amemtazama mno. Labda yale maneno ya asubuhi, yaliyokuwa chakula chake, kwa Albertha yalikuwa mzigo tu, na amekosa namna ya kumwambia ila kupitia mtoto. Iliuma. Na kwa kuwa iliuma, akaapa kumjengea uzio ambao hajamjengea mtu.

Mbao zilipofika hakuzigusa kwa majuma mawili. Mbao za msonobari zilizotiwa dawa hutoka kiwandani zimeloa, na ukizifunga hivyo hivyo zitasinyaa jua likizipata, uzio mzima ubaki na mapengo. Alizipanga juu ya vijiti hewa ipite, akazifunika juu tu. Wakati zikikauka alichimba mashimo. Ardhi yetu ni mchanga, haishiki kitu, na uzio uliobana ni ukuta mbele ya upepo. Ukija ule wa Septemba unausukuma wote kwa pamoja. Alimpigia Rosalyn kumshauri waache nafasi kati ya mbao, upepo upumue.

"Mtu si ataonekana?" Rosalyn akauliza.

"Ukisimama kwa pembeni, kidogo."

"Hapana, mjomba. Bana."

Akabana. Badala ya kuchimba futi mbili na nusu alichimba futi tatu na nusu, akazisogeza nguzo karibu karibu, akamwaga kokoto chini maji yapate pa kwenda, na zege akalitengeneza limeinuka kuzunguka nguzo ili mvua isituame. Kila alipokata ubao aliupaka dawa kwenye kidonda chake. Vichwa vya nguzo alivikata mshazari. Mbao akazining'iniza vidole viwili kutoka ardhini, zisinywe maji. Skrubu zote zilikuwa za chuma kisichoshika kutu, maana hizi nyingine hewa ya chumvi huzitoboa, na baada ya mwaka kila moja inalia chozi jeusi ubaoni. Zile nzuri hata baada ya miaka ishirini ukizirudisha nyuma zinatoka laini.

Kisha likaja suala la uso.

Uzio wa mbao una uso na mgongo. Uso ni upande wa mbao tupu, laini, zimesimama sawasawa. Mgongo ni upande wa nguzo na zile mbao tatu za mlalo zinazoshika mwili. Kwetu, na kwa kila fundi anayejiheshimu, jirani hupewa uso na mwenye uzio hubaki na mgongo. Ni adabu: umemfungia mwenzako njia ya macho, walau mpe kitu kizuri cha kutazama. Ndiyo maana huku huhitaji kuuliza uzio ni wa nani. Tazama mgongo uko upande gani, huyo ndiye aliyeuweka.

Uzio huu ulikuwa wa Albertha. Mgongo ulipaswa kuwa kwake, na uso kwa Cephas. Cephas aliugeuza.

Hezekiah Mack, mwenye lori la mbao, ndiye aliyegundua kwanza alipoleta fungu la mwisho. Alisimama uwanjani kwa Cephas, mikono mfukoni, akazitazama zile mbao za mlalo.

"Wee Kuta, umelewa?"

"Sijaonja."

"Basi ni macho. Uzio si wa Albertha? Mbona umejiwekea mgongo wewe?"

"Yeye ndiye atakayeutazama kila akiosha vyombo. Mimi mgongo unanitosha."

"Unakutosha? Mtu akipita hapo barabarani atasema Chisolm amemzibia mjane wa watu."

"Waseme."

"Nakuambia kwa nia njema."

"Nimesikia, Heze. Shusha mbao."

Hezekiah akashusha mbao, akaondoka akitikisa kichwa. Kuta alikuwa amekwisha ingiza shingo.

Ulipokamilika ulikuwa mzuri, tuseme ukweli. Futi mia na ishirini za mbao zilizonyooka, hata ukilala chini ukaangalia kwa jicho moja huoni wimbi. Cephas alizunguka kwa barabara akaingia kwa Albertha kuutazama kutoka upande wake, ule wa uso, akapitisha kiganja juu yake. Halafu akazunguka kurudi kwake. Hakuweka mlango. Hakuombwa mlango.

Albertha alirudi wiki ya pili ya Juni, ameletwa na gari la kanisa. Cephas alikuwa amenyoa ndevu. Alikaa kwenye baraza lake la nyuma akasikia mlango wa wavu wa Albertha ukifunguka, kisha fimbo yake ikigonga ngazi, moja, mbili, tatu. Fimbo ikasimama. Alingoja amwite. Alikuwa tayari kwa lolote, hata asante ingemtosha. Ndege wa kinamasi akalia mara mbili, kisha fimbo ikazigonga ngazi kurudi juu, mlango ukafungwa.

Asubuhi yake alipandisha pazia kama kawaida. Mbele yake palikuwa na nguzo na mbao za mlalo. Hakuna aliyemuuliza kama amekufa.

Jumapili walikutana mlangoni mwa kanisa. Albertha alikuwa na kofia yake ya zambarau, na fimbo.

"Habari za asubuhi, Bwana Chisolm," akasema.

Tangu wajuane, miaka zaidi ya sitini, hakuwahi kumwita hivyo, hata siku ya harusi yake. Cephas alihisi kama amekabidhiwa barua ya kufukuzwa kazi.

"Nzuri, Bi Frasier," akajibu, na akaenda kuketi benchi la nyuma kabisa.

Mambo mengine yakafuata ambayo hakuyaelewa. Kina mama waliokuwa wakimletea sahani ya wali mwekundu siku za Jumamosi waliacha. Wanaume dukani walimwitikia salamu nusu nusu. Mmoja alimuuliza, akitazama pembeni, kama sasa analala vizuri huko nyuma ya ngome yake. Cephas hakujua kwamba kisiwa kizima kimekwisha soma ule mgongo na kutoa hukumu. Yeye alidhani Albertha amewaambia watu kwamba alikuwa akimkodolea macho. Aibu ilimshika. Akaanza kwenda dukani saa za mchana wa jua kali, wakati hakuna mtu.

Majira ya joto yakamkuta peke yake kuliko alivyowahi kuwa, hata kuliko mwaka aliomzika Odessa, maana mwaka ule palikuwa na mtu wa kumuuliza. Alianza kumjua Albertha kwa masikio. Fimbo ngazini. Maji ya bomba. Redio yake ya nyimbo za dini ikiwashwa saa tatu asubuhi, ikizimwa saa sita kamili mara tu yanapokwisha matangazo ya vifo, kwa sababu Albertha alisema baada ya vifo hakuna jipya. Cephas alikula akiisikiliza redio hiyo. Ikizimwa, siku yake nayo ilikuwa imekwisha, ingawa jua lilibaki juu saa nyingine nyingi. Wakati mwingine alizungumza na skrubu. "Hamjalia bado," aliziambia, akizipitia moja moja. Hazikuwa zimelia.

Pazia alilipandisha kila asubuhi. Kwa nini, hata yeye hakujua. Mkono ulikwenda wenyewe.

Kisha ikafika ile Alhamisi ya Septemba. Cephas alikuwa barazani anachambua karanga za kuchemsha. Redio ya Albertha ilisoma vifo, ikamaliza, ikaingia saa sita. Haikuzimwa. Mhubiri wa mchana akaanza. Cephas aliinua kichwa, akakishusha. Labda amempenda mhubiri huyu. Mhubiri akapiga kelele robo saa, wakaja watu wa matangazo ya matairi. Albertha na matairi wapi na wapi?

Akasimama, akaenda mpaka kwenye uzio.

"Bi Frasier!"

Redio ikamjibu kwa punguzo la bei.

"Albertha!"

Akajiambia: amekusikia, hataki. Alijengesha uzio ili usimwite, na wewe unamwita. Akarudi kwenye karanga zake. Tusimpambe: alirudi, akaketi, akachambua karanga, na mhubiri mwingine akaanza. Muda unaokaribia saa nzima ulipita hivyo, mtu mzima na akili zake, anasikia kwa masikio yake kwamba kuna kitu hakiko sawa, na amekaa kwa sababu ya haya.

Kilichomwinua ni harufu. Ilikuja juu ya uzio polepole, kisha ikakolea. Wali unaungua. Na Albertha Frasier, ambaye mama yake na bibi yake walipika wali tangu kisiwa hiki kilipokuwa mashamba ya mpunga, hajawahi kuunguza wali katika maisha yake.

Cephas alizitupa karanga. Kuzunguka kwa barabara kungekuwa hatua mia mbili na zaidi, na mtaro katikati. Hakufikiri. Alikanyaga ubao wa mlalo wa kwanza, akakanyaga wa pili, akajivuta hadi wa tatu, na hapo juu, tumbo likiwa limelala juu ya kazi yake, akakiona. Kitambaa cha buluu kilikuwa kwenye kamba ya nguo, kimebanwa kwa vibanio viwili, kimekauka.

Alikuwa amekianika. Asubuhi ile, na bila shaka asubuhi zote zile, alikianika mahali ambapo hakuna jicho la kukiona.

Cephas aliangukia upande wa pili, juu ya kichaka cha maua, akainuka akichechemea. Jikoni moshi ulikuwa umetanda kama dari ya pili. Albertha alikuwa sakafuni kati ya meza na jiko, mguu mmoja umelala vibaya, uso umekuwa kijivu. Cephas alizima gesi, akaitupa sufuria nje ya mlango, akazima redio, akapiga simu ya gari la wagonjwa. Ndipo akapiga magoti.

"Nani huyo?" Albertha akauliza, macho yamefumbwa.

"Mimi."

"Mimi hana jina?"

"Kuta."

Akafumbua jicho moja. "Umepitia wapi, Bwana Chisolm? Uzio wako hauna mlango."

"Uzio wangu?"

"Wa nani basi? Si wewe unayetazama mgongo? Nimerudi kutoka kwa mwanangu na goti langu bovu, nakuta umenipa uso kama mgeni wa pwani. Nikasema haya, Kuta amenichoka. Si angeniambia tu."

"Albertha, uzio ni wako. Rosalyn ndiye aliyeagiza. Alisema unahitaji faragha."

"Faragha?" Albertha alitaka kucheka, nyonga ikamkatalia. "Na umri huu nimfiche nani nini? Rosalyn aliniuliza kwenye simu, Mama, unauonaje uzio? Nikamwambia mzuri. Nilidhani wewe ndiye umemsimulia."

"Nilidhani wewe ndiye umemtuma."

"Sasa mbona uliugeuza, mwehu wewe?"

"Nilitaka uwe na kitu kizuri cha kutazama ukiosha vyombo."

 Mbali, upande wa daraja, king'ora kilianza kusikika.

"Redio uliisikia?" akauliza.

"Niliisikia."

"Tangu saa sita?"

Cephas angeweza kudanganya. "Tangu saa sita," akasema.

"Kuta, Kuta, Kuta," Albertha akasema taratibu, wala hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma Cephas zaidi. Akampa mkono, Cephas akaushika mpaka wenye gari walipoingia na machela.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Waliitengeneza hospitalini, lakini haikurudi kuwa nyonga ya kupanda ngazi, na baada ya majuma sita ilikubaliwa kwamba Albertha hataishi tena peke yake. Atakaa Charlotte, ghorofani kwa Rosalyn, mahali ambapo jengo lina lifti na hakuna kamba ya nguo.

Rosalyn alikuja Novemba kufunga nyumba. Alipomaliza kubandika karatasi kwenye madirisha alizunguka kwa barabara hadi kwa Cephas, macho mekundu.

"Mjomba, Mama amenieleza. Mimi nilidhani ninamsaidia. Sikujua habari ya kitambaa. Hakuna aliyewahi kuniambia."

"Hukuuliza, hukuambiwa," alisema Cephas. "Na mimi sikuuliza. Kaa, unywe kahawa."

"Niuondoe? Nitakulipa uuondoe wote."

"Mbao hizo hazina kosa."

Rosalyn akafungua mkoba, akatoa kitu kimekunjwa mara nne, akakiweka mezani. Kilikuwa kitambaa cha buluu.

"Amesema nikupe. Na amesema nikwambie hivi hivi, nisibadili neno: kuanika aanike Kuta, kuamka nitaamka mimi huku."

Cephas alikivuta kitambaa karibu yake. Aliitikia kwa kichwa.

Rosalyn alipoondoka, Cephas alichukua bisibisi yake akaenda kwenye uzio, mahali palipoelekeana na kamba ya nguo. Skrubu zilitoka laini kama alivyojua zitatoka. Aliteremsha mbao za uso moja baada ya nyingine, kisha zile tatu za mlalo, akazipanga zote ukutani kwa nyumba juu ya vijiti, hewa ipite. Kati ya nguzo mbili palibaki mwanya wa mtu kupita na ndoo mikononi.

Asubuhi iliyofuata aliamka kabla ya saa moja. Akapita mwanyani, akavuka uwanja wa Albertha uliokuwa na umande, akakianika kitambaa kwenye kamba na kukibana kwa vibanio viwili. Madirisha ya nyumba yalikuwa na karatasi. Akarudi kwake, akaingia jikoni, akapandisha pazia. Kitambaa kilionekana vizuri kabisa, kikichezacheza kwenye upepo wa kinamasi. Alisimama pale akingoja, ijapokuwa alijua hakuna wa kumuuliza. Halafu akatoa kichwa dirishani.

"Bado," akasema kwa sauti.